Miezi Mitatu ya Sufuri

Jumatano, 15 Mei 2024

Ziwa limefungwa leo. Miezi mitatu, hadi 15 Agosti, hakuna mtumbwi kuingia majini, samaki wapumzike wazaane. Askari wamepita na kipaza sauti tangu saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba kuna mtu Rumonge ambaye hajasikia. Mitumbwi imevutwa mchangani, taa za kuvulia usiku zimefunguliwa zikapelekwa majumbani, na mimi niko hapa mwaloni mbele ya mizani kwa sababu Shefu Venanti, mkuu wa kituo chetu cha takwimu, amesema fomu haina likizo.

"Kila asubuhi unafika, unaandika," ameniambia. "Ndagala, sufuri. Mikeke, sufuri. Sangala, sufuri. Watu wa Bujumbura hawapendi kuona nafasi tupu."

Nikamuuliza kwa nini nisiandike sufuri zote leo, kisha nikae nyumbani nipalilie mihogo yangu. Akacheka. Anacheka vizuri, huyu mtu. Akasema, "Dada Eliana, wewe ndiyo nguzo ya kituo," akapanda pikipiki akaenda zake kunywa chai.

Haya. Kuandika sufuri tatu hakuchukui hata dakika moja. Kutoka hapo hadi saa sita, ninapofunga kichumba, nina daftari jipya la mradi, kalamu, na hasira ambayo sijui imetoka wapi. Nitaandika humu.

Nina miaka arobaini na minne. Nilikimbia nchi hii nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikakulia kambi ya wakimbizi Tanzania, upande wa Kasulu, nikasoma kozi ya uvuvi Kigoma miezi tisa. Mwaka 2012 kambi ilifungwa, tukarudishwa na malori. Mwaka huohuo nikapata kazi hii ya kupima na kuandika samaki wanaoshuka mwaloni, kwa ajili ya Mradi wa Takwimu za Ziwa. Kazi ya muda mfupi, waliniambia. Imekuwa miaka kumi na miwili. Wavuvi wananiita Mama Mizani, na nadhani wengi hawajui jina jingine.

Alhamisi, 16 Mei

Sufuri.

Ijumaa, 17 Mei

Sufuri. Upepo wa kusini umeanza. Meza imejaa mchanga.

Jumatatu, 20 Mei

Sufuri. Mbwa amepanda kwenye sahani ya mizani akalala. Kilo kumi na moja na nusu. Fomu haina safu ya mbwa.

Alhamisi, 23 Mei

Vestine amekuja kutoka Magara. Ni Mkongomani wa upande wa Fizi, ananunua samaki pale Magara tangu zamani. Sasa ziwa limefungwa anafuata mawese huku Rumonge. Amenikuta nimekaa, kalamu mkononi.

"Ma Eliana, uko unapima nini hapa? Upepo?"

"Naandika sufuri."

"Na wanakulipa?"

"Kama kawaida."

Akaketi juu ya dumu lake. "Minakuonaka hapa kila mwaka. Watoto wangu wameolewa, weye ungali na kameza kale kale." Halafu akatoa simu. "Ona. Ile mradi yenu iko inatafuta mukubwa wa kituo kule Magara. Karatasi iko kwenye mulango. Minasoma, minasema, hii ni kazi ya dada yangu."

Alikuwa amepiga picha. Cheti cha uvuvi: ninacho. Miaka mitano ya kazi: ninayo mara mbili na zaidi. Ripoti tatu ambazo mwombaji ameziandika mwenyewe. Barua ya mkuu wake wa sasa kuthibitisha kazi. Mwisho wa kupokea maombi ni 31 Julai.

Nimemwambia nitafikiria. Amesema, "Fikiria mbio." Moyo ulinienda kasi hadi nilipofika nyumbani, kama msichana.

Ijumaa, 24 Mei

Mume wangu Revokatus ni mwalimu wa darasa la nne na ni mtu wa amani. Nimemweleza. Ameweka kijiko chini.

"Mama Aniseti, usije ukamkwaza Venanti. Alitupokea."

Ni kweli alitupokea. Tuliporudi tulikuta shamba la baba limekaliwa na watu wengine, wana watoto na makaburi humo. Venanti ndiye aliyesimama mbele ya wakuu wa kilima, yaani kijiji, akasema hawa ni watu wetu, wapewe pa kulala. Kiwanja tulicho nacho kimetoka mdomoni mwake. Kwa hiyo kila nikitaka kusema kitu kwa miaka hii yote, kiwanja kinasema kwanza.

"Naomba barua tu," nimemwambia mume wangu. "Siombi figo yake."

Jumatatu, 27 Mei

Sufuri.

Leo nimefungua kabati la chuma nichague ripoti tatu. Ziko zote, mwezi kwa mwezi, tangu 2012. Nimezitandaza mezani. Mwandiko ni wangu. Hesabu ni zangu. Na ile sura ya mwisho ambamo nilieleza kwa nini ndagala, hawa dagaa wetu, hupungua mwezi ukiwa mkubwa angani, nayo ni yangu. Chini ya kila ripoti: imetayarishwa na Venanti, mkuu wa kituo. Halafu saini yake yenye mkia mrefu. Na saini yenyewe nimeiandika mimi.

Acha niliseme hili vizuri. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Shefu alikuwa anaondoka kwenda msibani Makamba, na ripoti ilitakiwa Bujumbura kesho yake. Akachukua bahasha akanionyesha: V kubwa, mawimbi mawili, mkia unaorudi nyuma. "Jaribu." Nikajaribu mara tano. Akasema yangu inapendeza kuliko yake. Siku ile nilitembea hadi nyumbani nikijiona mtu. Nimetoka kambini juzi, na leo mkuu ananiamini hadi na jina lake. Nikamwambia Revokatus, naye akafurahi, tukachinja kuku.

Tangu siku ile Shefu hajasaini ripoti hata moja. Kuku yule sasa ananikaa kooni.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwomba barua. Nimesema wazi: iseme nimefanya kazi hapa miaka kumi na miwili, na iseme ripoti hizi niliziandika mimi. Bila hayo mawili sina kitu cha kuwapa.

Akajikuna shingo. "Magara? Magara iko mbali, dada. Na mumeo? Na mihogo?"

"Nitapanga."

"Ego, tutaona. Nta kibazo. Buhoro buhoro."

Ndiyo tutaona, hakuna shida, polepole. Maneno matatu ya lugha mbili, na yote yana maana ya hapana.

Jumanne, 4 Juni

Sufuri.

Jumatano, 5 Juni

Sufuri. Shefu hajafika.

Alhamisi, 6 Juni

Sufuri. Shefu amefika, ameuliza kama kuna jipya. Kwenye ziwa lililofungwa.

Jumatano, 12 Juni

Shefu anakwenda Kigoma. Kuna mkutano wa nchi za ziwa kuhusu samaki, na mradi umemchagua awasilishe takwimu za Rumonge kwa sababu, wamesema, ni safi. Ameniletea karatasi nimwandikie hotuba. "Kiswahili chako cha Tanzania kitawafurahisha," amesema. "Mimi changu watanicheka."

Nimeiandika. Ndiyo, nimeiandika. Nimekaa kwenye meza hii siku nzima, nikaweka salamu wanazozipenda watu wa Kigoma, nikaweka hadi mahali pa kutulia wapige makofi. Nilisoma katika mji ule. Najua barabara inayoshuka stesheni na mama aliyekuwa anauza mihogo ya kuchoma mlangoni pa chuo chetu. Sijafika huko tangu nirudi.

Nilipomkabidhi nikamkumbusha barua. Akasema, "Nikirudi."

Jumatano, 19 Juni

Amerudi. Wamempigia makofi mara mbili. Bwana mmoja wa Zambia amemuuliza juu ya ndagala na mwezi mkubwa, akamjibu kama nilivyoandika, yule bwana akaomba nakala. Ameniletea kitenge. Kizuri, sitasema uongo.

Nimekaa nacho mapajani nikasubiri aseme neno moja tu: niliwaambia kuna mama anayenisaidia. Nilikuwa tayari kulipokea hata hilo "anayenisaidia". Hakulisema. Na si kwamba alificha. Uso wake ulikuwa safi kabisa, wa mtu asiye na deni la mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Jumatatu, 1 Julai

Siku ya Uhuru. Tumeandamana. Shefu mbele na suti, mimi nimebeba kibao cha mradi kwa sababu kijana wa kubeba anaumwa. Vumbi hadi masikioni.

Jumatano, 3 Julai

Sufuri. Leo nimehesabu ni vijana wangapi wamepita kwenye meza hii kujifunza kwangu. Saba. Nimewafundisha kutofautisha ndagala wachanga na wakubwa, kusoma mizani wakati wa upepo, kukataa beseni lililotiwa maji. Mmoja ni mkuu wa kituo Nyanza-Lac. Mmoja yuko wizarani. Wakipita na gari wanashusha kioo, wanasalimu, "Mama Mizani, amahoro," wanaendelea.

Nilikuwa najivunia hilo. Leo limenikera kama kiatu kinachobana.

Jumatatu, 8 Julai

Sufuri, na wiki tatu na siku mbili zimebaki kabla maombi hayajafungwa.

Nimemkuta Shefu kabla hajawasha pikipiki, nimeshika usukani. Sijawahi kufanya hivyo. Nikasema, "Shefu, barua."

Akanitazama mkono, halafu uso. Akaona sitanii. Akacheka, lakini kicheko chembamba.

"Dada, kwani shida iko wapi? Andika wewe mwenyewe, weka unachotaka, utie saini kama kawaida. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo limenichoma. Ningeweza kuwa nimejiandikia barua hiyo tangu Mei, nijisifu hadi malaika waone wivu, nitie V kubwa na mkia, niipeleke. Ingepita. Lakini nimesimama pale nikijua kwamba siwezi. Kwa miaka kumi na miwili nimeandika jina lake kwa ajili yake. Nataka mara moja, mara moja tu, aandike jina lake kwa ajili yangu.

"Nataka mkono wako," nimesema.

"Una kichwa kigumu."

"Ndiyo."

Jumanne, 9 Julai

Amesaini. Barua niliiandika mimi usiku wa jana, ina mistari sita. Aliisoma, akafika pale panaposema ripoti zote za kituo zimeandikwa na Eliana, akakohoa, akasoma tena. Nilidhani atarudisha. Akachukua kalamu, akasaini polepole, ulimi nje kidogo, kisha akagonga muhuri.

"Haya. Umefurahi?"

Nimemshukuru kwa mikono miwili. Nimerudi nyumbani nikiimba. Revokatus amesema hajanisikia nikiimba tangu mwanetu Aniseti aoe.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepeleka dosye, maombi yangu na karatasi zake zote, Bujumbura mwenyewe. Mafuta ya gari hakuna mjini kote, kwa hiyo nimepanda lori la mawese hadi Kabezi, juu ya madumu, na kutoka Kabezi nyuma ya baiskeli na kwa miguu. Nimefika ofisi kuu sketi ina mafuta. Bibi mmoja, Madamu Fabiola, mkuu wa utumishi, ameipokea mwenyewe. Ana miwani na sauti ya chini. Ameuliza, "Unatoka Rumonge? Kwa bwana Venanti?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mtu mwenye bidii sana yule."

Nimekubali kwa kichwa. Nimezoea.

Jumatatu, 15 Julai

Sufuri. Sijali.

Alhamisi, 18 Julai

Sufuri. Vestine amepiga simu kuuliza kama anitafutie nyumba Magara. Nimemwambia angoje. Kisha nimemuuliza nyumba ziko bei gani.

Jumatano, 24 Julai

Madamu Fabiola amenipigia saa tatu asubuhi. Nilisimama nikaweka mkono kifuani, nikidhani ni habari njema.

Amesema saini iliyo kwenye barua yangu haifanani na saini ya bwana Venanti wanayoijua. Wamelinganisha na ripoti. Ripoti zote zina V kubwa na mkia. Barua yangu ina kitu kifupi kama mdudu aliyekanyagwa. Hayo ya mdudu ni maneno yangu, yeye alisema "isiyotambulika".

Nikasema, "Madamu, aliisaini mbele yangu. Mpigie."

"Tumempigia jana."

"Amesemaje?"

"Amesema si yake."

 Nadhani nilikaa chini mchangani, maana ndipo nilipojikuta.

Madamu amesema kughushi saini ya mkuu ni kosa kubwa, na kwamba atakuja mwenyewe Jumatatu kusikiliza pande zote. Alikuwa mpole. Ningependa angepiga kelele.

Shefu nimemkuta kantini, chai mbele yake imepoa. Hakucheka. Amesema, "Dada, nilishtuka. Wameniuliza kwa nini haifanani na za ripoti. Ningejibu nini? Ningesema ripoti sisaini mimi? Wangenifukuza."

"Kwa hiyo umesema mimi mwizi."

"Sikusema mwizi. Nilisema si yangu. Tutalipanga."

Nimemwaga chai yake chini, taratibu, hadi tone la mwisho, nikaweka kikombe mbele yake. Watu waliona. Nina miaka arobaini na minne na hilo ndilo jambo la kwanza nimemfanyia mtu huyu bila kuagizwa.

Alhamisi, 25 Julai

Sikuandika sufuri. Nafasi tupu tatu.

Jumapili, 28 Julai

Revokatus amesema niombe msamaha, yaishe. Nimemuuliza msamaha wa nini. Amefikiri kwa muda mrefu kwa uaminifu, maskini, akasema hajui. Halafu akanipigia pasi blauzi nyeupe ya kesho.

Jumatatu, 29 Julai

Nitaandika yote, hata yale nisiyoyapenda.

Tulikuwa watatu kwenye kichumba cha kituo. Madamu Fabiola upande wa kabati, Shefu dirishani, mimi mlangoni kwa sababu viti ni viwili. Aliweka barua yangu katikati ya meza na ripoti ya Machi kando yake.

"Bwana Venanti, saini ya barua hii ni yako?"

"Hapana, Madamu." Alisema akiangalia ziwa.

"Na ya ripoti?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi tangu Jumatano. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Mpe karatasi asaini."

Alikataa kwanza, akasema ni kumdhalilisha. Madamu akamsogezea karatasi. Akashika kalamu. Nikaona anaitazama ripoti kwa pembe ya jicho, anaiga, V yake ikapinda, wimbi moja likatoka la pili likagoma, na mkia akauvuta kama mtu anayevuta kamba ya mbuzi. Jasho lilimtoka. Mwanamume wa miaka hamsini na nane ameshindwa kuandika jina lake.

Nikanyoosha mkono, nikachukua kalamu, nikainama juu ya meza, nikaiandika. Sikuangalia popote. Ilitoka kama maji. Madamu akaiweka juu ya ile ya Machi akainua kwenye mwanga wa dirisha, zikalala pamoja.

Nilidhani nimeshinda. Nakiri, kwa muda ule mfupi nilijisikia mrefu kuliko mlango.

Madamu akavua miwani. "Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unaghushi saini yake. Miaka kumi na miwili."

"Aliniagiza."

"Una karatasi yoyote ya agizo hilo?"

Sina. Ilikuwa bahasha, na bahasha iliondoka na ripoti.

Shefu akasema, kwa sauti ndogo, "Nilimwagiza, Madamu." Sijui kwa nini alilisema. Labda aibu, labda uchovu. Nimwandikie haki yake: alilisema.

Madamu akaandika kitu. Kisha akageuza ile ripoti ya Machi kwenye ukurasa wa fomu, akaweka kidole chini kabisa, na hapa ndipo ninapotaka kuweka kalamu chini.

Fomu ina mistari miwili. Wa kwanza ni wa mkuu wa kituo. Wa pili unasema: jina na saini ya mkusanyaji takwimu. Sijaliandika hili kwenye daftari hili kwa sababu sikutaka kulitazama. Kila mwezi, kwenye mstari wa pili, mimi huweka kistari. Nilianza mwezi ule wa bahasha. Nilikuwa nimeshaandika jina la mkuu kwa mkono wangu; kuweka na langu chini yake niliona ni utovu wa adabu, mtu wa kambi kujipanga bega kwa bega na aliyempokea. Nikaweka kistari. Mwezi uliofuata nikaweka tena.

"Nani alikukataza kuujaza mstari huu?" aliuliza Madamu.

Nilimtazama Shefu. Shefu alinitazama. Alikuwa anashangaa kweli. Hata hakujua kuna mstari wa pili, maana hajasoma fomu hiyo tangu 2012.

"Hakuna," nikasema.

"Sisi kule Bujumbura tunajua Rumonge haina mkusanyaji," akasema. "Wewe uko kwenye orodha ya vibarua, na mfagiaji na mlinzi. Tulijua bwana Venanti anafanya kazi za watu wawili. Ndiyo maana ya zile pongezi zote."

Akasema atapeleka taarifa. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, na hilo lilinitia uchungu zaidi ya yote.

Jumanne, 30 Julai

Sikwenda mwaloni. Nimelima.

Jembe linasaidia. Nimemlaani Venanti tuta la kwanza hadi la sita. Kuanzia la saba nimeishiwa, nikabaki na mimi. Alichukua, ndiyo. Alikuwa anachukua kitu nilichomwekea mlangoni kila mwezi, kimefungwa vizuri. Nilikuwa nangoja nionekane, na huku najifuta mwenyewe kwa kalamu ya mradi. Halafu nauita unyenyekevu.

Jumatano, 31 Julai

Mwisho wa kupokea maombi.

Ijumaa, 9 Agosti

Barua mbili zimefika pamoja.

Yangu: kibarua changu kimekoma tangu leo, kwa kukiuka taratibu za saini. Wananishukuru kwa mchango wangu.

Yake: anahamishiwa ofisi kuu Bujumbura, mshauri wa takwimu. Mfagiaji amenieleza kwamba wameona ni heri awe karibu wamwangalie. Wanamwangalia akiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Kituo cha Magara amepewa kijana anayeitwa Clever, ana diploma ya mwaka jana.

Nimekabidhi ufunguo, kalamu, na mizani. Daftari sikukabidhi.

Revokatus alinikuta jikoni nikilia, akakaa kwenye kigoda pembeni yangu, hakusema "alitupokea". Akasema, "Miaka yote nilikuwa nakwambia nyamaza. Nisamehe." Sikumjibu, lakini nilimpa ugali wa moto.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa nimekwenda Magara. Nimemwambia Vestine aniitie wanawake wote wanaonunua samaki pale. Wamekuja ishirini na kitu, wengi Wakongomani, wachache wetu. Wanafahamika kwa malalamiko yao: wanunuzi wa Bujumbura, ambao kina mama hawa huwauzia, huja kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ina ukweli wake.

Sikuomba kazi. Nimeshaomba vya watu vya kutosha. Nimewaambia najua kupima kuliko mtu yeyote kwenye ufuko huu, najua beseni lililotiwa maji kwa kulinyanyua tu. Wanunue mizani moja, waiweke mahali pamoja, mimi nisimame hapo, na mnunuzi asiyetaka kipimo changu arudi na gari lake tupu. Kwa kila beseni watanipa samaki wa kikombe kimoja. Nilisikia sauti yangu na sikuitambua, haikuwa na "samahani" hata moja.

Mama mmoja mzee, Aksanti, akauliza, "Unakuja kwetu juu ya kufukuzwa kule?"

"Ndiyo."

"Na kama hawangekufukuza?"

"Ningekuwa bado kule."

Akatikisa kichwa. "Basi sawa. Hata sisi hatukufika hapa kwa kupenda."

Wamekubali. Kuna waliobaki wamenuna. Vestine amesema watazoea, au hawatazoea.

Ijumaa, 16 Agosti

Ziwa lilifunguliwa jana. Usiku ekipi zote za wavuvi zilitoka, na leo alfajiri zikarudi zimejaa hadi maji yanaingia pembeni. Sijawahi kuona ndagala wengi hivi. Nimepima hapa Magara tangu saa kumi na moja. Mgongo umekufa. Wanunuzi wawili wamegoma, mmoja amerudi. Vikombe vyangu vya samaki bado ni kazi kuvikausha, na sijui kama vitatosha kulisha nyumba. Nimemwambia Revokatus nitajaribu hadi Krismasi. Nyumba ya kupanga inavuja. Clever, kijana wa kituo, amesimama mbali siku nzima na fomu zake, anasubiri samaki wamfuate.

Saa nne simu ikalia. Ni Venanti, kutoka Bujumbura.

"Dada Eliana, amahoro. Mambo yaliyopita yamepita, sivyo? Sikiliza, wakubwa wako hapa, wanataka takwimu za siku ya kwanza, na Rumonge hakuna mtu. Niambie basi, kwa makadirio tu. Wewe unajua. Ziko tani ngapi?"

Ningeweza kumwambia. Ningeziona kilo za Rumonge nikifumba macho, kwa upepo wa jana na mwezi ulivyo. Na nitakiri kitu kibaya: namba ilishanifika mdomoni. Mdomo wenyewe ulifunguka.

"Mimi sijui, Shefu," nikasema.

"Sasa niandike nini?"

"Panda gari uje mwaloni uangalie."

 Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, kiti kikilia, na pumzi yake. Angeniambia kitu, nadhani, lakini mama Aksanti alikuwa ameshaweka beseni lake kwenye mizani na ananitazama kwa jicho kali, kwa hiyo nikakata simu.